Miti Kumi na Miwili ya Mwende

Nyote mmeniuliza swali moja kwa maneno tofauti: imekuwaje hata nikaenda Saudia kwa ajili ya kitabu cha watoto, nikarudi na habari ya michoro kumi na miwili ambayo haitachapishwa, na bado naonekana mwenye furaha? Nimechoka kusimulia vipandevipande kwenye simu. Basi someni, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi.

Kwa wasiojua chanzo chake: mimi na Asha tunachapisha vitabu vya watoto, Unguja, katika chumba kimoja chenye mashine mbili na feni moja. Nilikuwa nimeandika maneno ya kitabu cha miti, miti kumi na miwili, tukatangaza mtandaoni kwamba tunatafuta mchoraji. Katika picha zote tulizoletewa, moja ilitufanya tuzisahau nyingine. Ilikuwa ya mgunga ambao matawi yake ni shingo za twiga, na kila twiga anakula majani yanayoota kwenye pembe za mwenzake. Aliyeichora ni Mwende, mtu wa Kitui, mfanyakazi wa nyumbani Riyadh. Alijifunza mwenyewe, kwa kukitazama kitabu cha picha kutoka India kilichomo chumbani kwa watoto wa madam wake. Picha za kitabu hicho ni za Wagondi, watu wa misitu ya katikati ya India, ambao kwao paa anaweza kuota matawi na mizizi ikawa nyoka.

Asha alikitafuta kitabu chenyewe, akalinganisha, akaweka kalamu chini. "Hatuchapi mpaka mama aliyekichora kitabu hiki aone," alisema. Mama mwenyewe anaitwa Ramkali. Mimi nilimwona Asha mwoga. Tangu lini mti ukawa na mwenyewe? Lakini tulisikia Ramkali atakuwa Jeddah siku kumi, akiwafundisha watoto kuchora. Mwende hakuweza kwenda, kafili wake, yaani tajiri aliyemdhamini, hawezi kumwachia siku nzima, sembuse safari ya mji mwingine. Nikaenda mimi.

Na lililokuwa hatarini ni hili. Mwende alikwisha mwambia binti yake, anayelelewa na bibi yake Kitui, kwamba jina la mama litaandikwa juu ya kitabu. Ramkali akikataa, hakuna kitabu wala jina.

Unguja hadi Malaz

Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaondoka bila sisi, na saa tisa za kungoja katikati ya njia nilizimaliza sakafuni, pamoja na wasichana wa Kiganda waliokuwa wakienda kazini kwa mara ya kwanza. Mmoja aliniuliza kafili wangu yuko mji gani. Nikamwambia sina kafili, naenda kwa habari ya picha za miti. Alinitazama kwa huruma, akanimegea chapati yake. Nadhani aliona mimi ndiye niliyedanganywa zaidi.

Shangazi Sharifa, binamu wa baba, anakaa Malaz, mtaa wa Riyadh, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba inayonukia udi tangu ngazini. Alitolewa Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa na miaka sita. Alinikalisha mbele ya pilau kabla sijavua viatu vizuri.

"Umepanda ndege mbili uje kumwonesha Mhindi picha?"

"Mgondi, shangazi."

"Kwani Mgondi si Mhindi?"

"Ni Mhindi, lakini wana mila zao, ni watu wa msituni."

"Basi Mhindi. Kula."

Nilimpa simu auone ule mgunga. Akavaa miwani.

"Mti gani huu wenye shingo?"

"Matawi yake ni twiga."

"Astaghfirullah," akasema, lakini simu hakuirudisha. Aliishika mpaka pilau lake likapoa. Mwishowe akauliza, taratibu, "Na huyo anayechora hivi, anafagia nyumba ya nani?"

Malaz hadi Al-Malqa

Al-Malqa ni kaskazini ya mji, majumba yenye kuta ndefu ambazo kwa mgeni zote ni ukuta mmoja. Dereva wa teksi, Mpakistani mwenye subira, alizunguka mitaa ileile mpaka tukaanza kusalimiana na mlinzi mmoja. Nilifika nimechelewa karibu saa nzima.

Mlango ulifunguliwa, nikapelekwa jikoni kwa mlango wa nyuma, na madam akaja. Mwanamke mpole, mwenye haraka. Kiarabu changu ni cha chuoni, kimeongezwa makali na tamthilia, kwa hiyo nilimwelewa vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Aliniuliza kama najua kupiga pasi kanzu. Nikadhani ni maneno ya kumchangamsha mgeni, nikasema najua. Akauliza kama napika wali. Nikamwambia sisi kwetu wali ndiyo chakula. Watoto nawapenda? Sana, nikasema, hata kazi yangu ni ya watoto. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kunionesha kabati la sabuni.

Mwende aliteremka na kapu la nguo akatukuta hapo. Alielewa mara moja.

"La, madam. Hadhi mafi shaghala," akasema, yaani huyu si mfanyakazi. "Huyu ni rafiki yangu wa kitabu."

Madam aliona haya, kisha akacheka, mimi nikacheka kwa meno tu. Akatupa nusu saa na sahani ya tende.

"Umekuwa shaghala dakika kumi," Mwende aliniambia tulipobaki wawili. "Pole. Na ungepata kazi, aki. Umejibu vizuri kunishinda."

Yeye ni mrefu, mwembamba, anazungumza huku anafanya jambo jingine. Alinipeleka chumba cha kufulia. Nyuma ya mashine ya kukaushia kulikuwa na boksi bapa, na ndani yake miti yangu kumi na miwili. Aliichora kwenye makadi meupe yanayotolewa ndani ya vilemba vipya vya bosi, kwa kalamu za rangi ambazo watoto walizichoka.

Kwenye simu nilikuwa nimeona picha. Hapa niliona kitu kingine, na naomba mniamini, maana mnajua mimi si mtu wa kushtukashtuka. Mwarobaini ulikuwa na mizizi yenye nyayo za wanawake, zinatembea, na kila mguu umechoka kwa namna yake. Maganda ya mkwaju yalikuwa viwavi waliolala. Na ndani ya kila shina, kila jani, kulijaa mbegu ndogondogo zilizopangwa kwa safu zinazoinama upande mmoja, maelfu kwa maelfu, mpaka kadi ilionekana inapumua.

"Hizi mbegu umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa kile kitabu. Si ndivyo miti inajazwa? Nilidhani ni kama vile mtu akichora nyumba lazima aweke mlango."

"Na zimekuchukua muda gani?"

"Miezi minane. Wewe Rahma ni mtu wa maswali." Alizifunga kadi kwenye taulo, akazitia kwenye bahasha kubwa. "Sikia. Huyo mama akikataa, usinipigie na ile sauti ya pole. Sema tu halas, yamekwisha, nijue."

Riyadh hadi Jeddah, kwa basi

Shangazi alisema mtu mwenye akili anapanda ndege. Mimi nilitaka kuiona nchi. Nchi nikaiona, na hasa kituo kimoja cha mafuta, kwa sababu kiyoyozi cha basi kilikufa baada ya saa mbili na tukateremshwa hapo kungoja basi jingine. Dereva alisema nusu saa. Zilikuwa saa tatu.

Kiti cha pembeni yangu alikaa mama wa Kisudani, Sitti Amna, na mabinti zake wawili. Katika sehemu ya wanawake ya mkahawa tulikaa mkekani, tukala maharage ya ful na mkate wa tamisi mpana kuliko sinia, na yeye akanizuia kabisa kutoa chochote, akidai nimekonda kama mtu aliyefiwa. Mabinti waliuliza kuna nini kwenye bahasha. Nikawatolea kadi, baada ya kuwafutisha mikono.

Walianza kuhesabu wanyama. Kila walipomaliza mti mmoja walibishana, warudie. Mama yao alikuwa anatazama kwa jicho moja tu mpaka ulipotokea mwarobaini. Akaichukua ile kadi kwa ncha za vidole.

"Huu tulikuwa nao uani," akasema. "Kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa nao." Aligusa nyayo za mizizi, mmoja baada ya mwingine. "Huyu aliyechora alijuaje kwamba tulipokimbia, nayo iliondoka?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mchoraji ni mtu wa Kenya na pengine aliwaza wanawake wanaokwenda kisimani. Akaitika kwa adabu, kama mtu anayemwacha mtoto na maelezo yake.

Jangwa baada ya hapo lilinitisha na kunipendeza kwa pamoja. Saa nzima bila mti, saa ya pili bila mti. Nimesoma mahali kwamba jicho likikosa la kushika huanza kujitungia, na mimi nilianza kuona miti penye mawe. Ilipotokea kweli, bondeni, migunga mifupi iliyokaa mbalimbali kama watu waliogombana, basi zima liligeukia dirishani kuitazama. Au labda niligeuka mimi. Baada ya Taifu njia ilianza kuteremka milimani, masikio yakaziba, joto la pwani likaingia, na nikanusa bahari kabla ya kuiona.

Sharafiya

Chumba changu Jeddah kilikuwa Sharafiya, juu ya duka la simu, karibu na mgahawa wa Wamalabari, Wahindi wa kusini, wanaokanda porota, chapati yao ya tabaka, kwa kuipigapiga mezani tangu alfajiri. Mhudumu alinihudumia siku ya kwanza kwa mashaka. Siku ya pili aliniuliza kwa Kiingereza natafuta kazi ya nyumba gani. Nilipomwambia nimekuja kumwona mchoraji wa Kigondi, akasema yeye amekaa India miaka ishirini na tano na hajawahi kumwona Mgondi. Akaniongeza chai, akakaa, akataka kuona picha. Kila mtu katika safari hii alitaka kuona picha, na kila aliyeona alisahau alichokuwa anafanya. Porota ziliungua.

Ukumbini

Ramkali alikuwa katika ukumbi wa maktaba moja ya watoto. Aliwekewa meza na kiti kizuri, na yeye alikuwa ameketi sakafuni. Mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka hamsini na kitu, mikono imechanjwa chale za buluu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Mbele yake kulitandikwa turubai kubwa kama jamvi. Mkalimani wake alikuwa Mwalimu Shabana, Mhindi anayefundisha Jeddah, ambaye ndiye aliyemwalika.

Alikuwa anachora mti unaoitwa mahua. Nilifika nikiwa na maswali yangu tayari, nimeyaandika, na sikuyauliza kwa muda mrefu. Alianza na paa jike aliyelala. Hakupima, hakufuta. Kutoka kichwani mwa paa zilipanda pembe, pembe zikagawanyika, zikawa matawi, matawi yakabeba tausi, mikia ya tausi ikawa majani, na wakati huo wote nilikuwa natazama nikijiambia sasa nitaona mahali pembe inapokoma na tawi kuanza. Sikupaona. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka mkononi mwake na sikupaona. Watoto kama ishirini walikuwa hapo, wote wamesogea mpaka ukingoni mwa turubai.

"Maua yake tunayaokota chini asubuhi," Ramkali alieleza, Shabana akafasiri. Akaongeza jambo, akacheka sana. Shabana alisita, akatazama wazazi waliokuwepo. "Anasema wanayapika," akasema. Nilikuja kujua baadaye kwamba wanayageuza pombe.

Watoto walipoondoka nilimpangia kadi kumi na mbili sakafuni, nikamwambia zimetoka Riyadh. Ramkali aliinama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Alifurahi, akajipiga kiganja gotini, akaanza kuuliza haraka haraka.

"Anauliza huyu aliyechora ni bibi harusi wa nyumba ipi," Shabana akasema.

"Nyumba ipi wapi?"

"Kwao. Anataka kujua ameolewa na mpwa gani, na kwa nini hakuambiwa kwamba kuna binti yao Riyadh."

Nikamweleza kwamba Mwende ni Mkamba, wa Kenya, na hajawahi kufika India. Furaha ikamtoka usoni polepole. Akaweka kidole juu ya zile mbegu.

Na hapo ndipo nilipoambiwa. Kwao, umbo la mti ni la yeyote anayeliona. Lakini kinachojaza ndani ni cha mtu, na kila mchoraji ana chake. Mbegu hizi zinazoinama ni kodo, nafaka ndogo kama wimbi. Ramkali alizitazama zikianguka kutoka kwenye ungo wa mama mkwe wake miaka yote ya ujana wake, mpaka mkono ukazijua. Wanaochora kwa mbegu hizi ni yeye na wake za wanawe, aliowafundisha mwenyewe. Kwa hiyo alipoziona kwenye kadi kutoka Riyadh, aliona jamaa.

Mimi nilibisha. Mnanijua. Nilisema nukta ni nukta, hakuna mtu anayeweza kumiliki mbegu, na watoto watakaosoma Kiswahili hawatajua kodo ni nini. Shabana alifasiri, nadhani kwa kupunguza. Ramkali hakukasirika. Alinipa kalamu, akanichorea jani tupu, akaniashiria nijaze. Nilijaza kwa bidii robo saa nzima. Akalitazama.

"Hizi ni shanga," akasema. "Hazijawahi kupepetwa."

Kisha akachukua mkwaju wa Mwende. "Huyu amejitahidi kukushinda wewe. Zake zinaanguka. Lakini hajui kwa nini zinaanguka." Akazipanga kadi tena, taratibu, akakaa sana kwenye twiga. "Miti hii ningependa niwe nimeiona mimi. Ni yake. Lakini imevaa nguo zangu. Mwambie aivue."

Nilimuuliza hiyo ni ndiyo au hapana. Akasema yeye anaondoka Ijumaa, na kabla ya hapo, kama Mwende ana mti wake mwenyewe, angependa kuuona.

Siku tatu za kungoja

"Halas?" Mwende aliuliza kwenye simu, hata salamu hatujapeana.

"Si halas." Nikamweleza yote, pamoja na bibi harusi, pamoja na ungo.

Nilisikia mashine ya kufulia ikizunguka nyuma yake.

"Kumi na miwili yote?"

"Yote."

"Miezi minane, Rahma." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Sasa mimi nina nini? Nitapepeta nini hapa? Hapa hata mchele unakuja umeoshwa."

Kesho yake alinitumia picha ya jani lililojaa msuko wa kiondo, kikapu cha kwao. Lilikuwa zuri, nikakimbia nalo ukumbini. Ramkali akauliza msuko huu ni wa nani. Nikampelekea Mwende swali, akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Wa kila mtu Kitui. Na ukweli, mimi sijui kusuka. Anayejua ni mamangu." Nilikuwa tayari kumshauri asiseme hivyo. Kabla sijamshauri, akatuma mwingine: "Usimwoneshe. Mwambie nimekosea."

Nilikwisha mwonesha. Ramkali, aliposikia, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asikie Mwende si wa kwao.

Jumatano hakuna kilichokuja. Nilikunywa chai nyingi kwa Wamalabari. Nilikuwa na hasira na Asha, na Ramkali, na mbegu. Nilijiuliza ni haki gani kumwambia mtu asiye na hata siku yake mwenyewe atafute alama yake mwenyewe kwa siku tatu.

Alhamisi adhuhuri simu ililia. Ulikuwa ule mgunga, twiga walewale, kwenye kadi mpya. Ndani yake hakukuwa na mbegu. Kulikuwa na mistari iliyopinda kama nyusi, miezi michanga mingi, mmoja unapanda mgongo wa mwingine, inateremka shingo za twiga kama maji. Nilisimama barabarani Sharafiya, juani, watu wananipita, na sikujua nimeona wapi kitu kile, ila nilijua kwamba nimekiona.

Ujumbe wa sauti ukafuata. "Ni uwanja wa nyumba hii. Kila asubuhi vumbi limejaa, namwaga maji, halafu nayavuta na ule ufagio wa mpira wenye mpini. Miaka mitatu. Jua likikausha inabaki alama hivi, kabla watoto hawajakanyaga. Sijawahi kufikiria ni kitu."

Ramkali alifasiriwa ule ujumbe, akaishika simu kwa mikono miwili. Alipanua picha kwa vidole, akaifuata mistari kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayesoma barua iliyotoka mbali. Kisha akasema jambo fupi.

"Anauliza," Shabana akasema, "huyu anavuta kwa mkono wa kushoto?"

Nikamuuliza Mwende. Ndiyo, akajibu, wa kushoto, tangu mtoto, na shuleni alichapwa kwa hilo.

Nilijaribu kusema moyoni ni bahati. Mikono ni miwili tu, yeyote angepatia nusu ya wakati. Lakini Ramkali alikuwa hajamaliza. Alionesha shingo ya twiga wa tatu, mahali ambapo sikuona chochote mpaka alipopanua zaidi: mstari umekatika kidogo sana, wino ukaanza upya, mzito zaidi. "Hapa aliitwa," akasema. Akasogeza. "Na hapa. Akarudi. Na hapa."

Ruhusa aliitoa hapohapo, kama jambo dogo. Kitabu kichapwe. Miti yote iwe na maji haya. Nyuma iandikwe kwamba Mwende alijifunza kutazama kutoka kwa Ramkali, na Ramkali angependa nakala moja, atajua mwenyewe ataiweka ukuta gani. Zile kumi na mbili za mbegu nizirudishe kwa mchoraji, zisichanwe, maana mtu hachani kazi ya miezi minane.

Nilimpigia Mwende jioni ile, saa ambayo watoto huoga. Nilimpa habari ya ruhusa kwanza, na ya jina juu ya jalada. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amebakiza miti kumi na mmoja na atahitaji kalamu nyeusi nzuri, hizi za watoto zinakwaruza.

"Kuna kingine," nikamwambia. "Amesema ulipokuwa unachora uliitwa mara tatu. Ameonesha mahali penyewe, moja moja."

Niliwasikia watoto wakirushiana maji, na sauti ya madam mbali, akiita jina lake.

"Mwambie ni nne," Mwende akasema. "Ya nne sikwenda."